Umeme ukikatika, heliamu inaenda wapi? Jibu kwa fundi wa Kibirizi

Swali: Salaam kaka. Mimi ni fundi wa majokofu hapa Kigoma, na kazi yangu kubwa ni mtambo wa barafu wa amonia karibu na mwalo wa Kibirizi. Nimesoma kwamba ile mashine ya Geneva ya kugonganisha chembe inapozwa kwa heliamu hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Hivi mtambo huo ni sawa na wangu ila mkubwa, au ni kitu kingine kabisa? Mafundi wake wanafanya nini kila siku? Na umeme ukikatika kama ulivyokuwa ukikatika kwetu enzi za majenereta, heliamu yote si inapotea? Halafu, mtu kama mimi anaweza kuifikia kazi hiyo?

Jibu: Salamu sana fundi. Mimi nilianza na majokofu Tabora kabla ya kuingia kwenye mitambo ya heliamu Ulaya, kwa hiyo nitakujibu kikarakana.

Mzunguko ni uleule unaoujua. Kuna kompresa, kuna kuipoza gesi iliyobanwa, kuna kuitanua, kuna mahali inapobeba joto kisha ikarudi kwenye kompresa. Tofauti kubwa iko kwingine. Mtambo wako wa amonia unavumilia uchafu. Hewa ikiingia, presha ya kondensa inapanda, unaitoa, kazi inaendelea. Mafuta yakipita, yanatuama chini ya evaporeta, unafungua koki na kuyakinga kwenye ndoo. Mtambo wa heliamu hauvumilii hata kimoja kati ya hivyo. Ukiniuliza mafundi wake wanafanya nini kutwa, nitakwambia wanalinda usafi wa gesi. Gesi ikiwa safi na mfumo hauvuji, baridi inakuja yenyewe.

Sababu ni hii. Sisi tunapima kwa kelvini, nyuzi zinazohesabiwa kuanzia baridi ya mwisho kabisa. Katika kelvini 4.5, yaani nyuzi 268.7 chini ya sifuri, hakuna kitu kingine duniani kinachobaki gesi. Maji yameganda siku nyingi. Naitrojeni na oksijeni, yaani hewa unayovuta, zimekuwa mawe. Neoni imeganda, hata haidrojeni imeganda. Heliamu peke yake ndiyo inayotembea. Kwa hiyo chochote kilichopenya pamoja nayo kitasimama mahali fulani njiani kikiwa barafu, na mahali hapo mara nyingi ni ndani ya kibadilisha joto chenye vijia vya milimita chache, au mbele ya gurudumu la tabaini.

Hapo kwenye tabaini nikae kidogo, kwa sababu ndipo akili ya fundi wa amonia inapopata mshtuko wa kwanza. Wewe unabana amonia, unaipoza kwa maji ya ziwa, inakuwa kimiminika hata kwenye joto la Kigoma. Kisha unaipitisha kwenye valvu ya kutanulia na inapoa. Heliamu hata uibane vipi kwenye joto la kawaida haitageuka kimiminika, mpaka iwe imeshapoa chini ya kelvini 5.2. Na ukiipitisha kwenye valvu ikiwa na joto la kawaida haipoi hata kidogo, bali inatoka na joto zaidi kidogo kuliko ilivyoingia! Ni mpaka ishuke chini ya kelvini 45 hivi ndipo valvu inaanza kuipoza. Kabla ya hapo lazima uinyang'anye nguvu kwa njia nyingine, na njia hiyo ni kuifanyisha kazi. Gesi yenye presha inapigwa kwenye gurudumu dogo la sentimita chache, gurudumu linazunguka, na gesi inatoka imepoteza nishati na kupoa. Magurudumu madogo ya aina hii yanaweza kuzidi mizunguko laki moja kwa dakika, na yanaelea juu ya beringi za gesi bila tone la mafuta. Hebu fikiria chembe ya hewa iliyoganda ikigonga bawa linalokwenda kwa kasi hiyo. Ndiyo maana nasema usafi kwanza.

Sasa nikupitishe kwenye mtambo wenyewe, kwa mfano wa Geneva kwa kuwa ndio ulioutaja. Mashine inaitwa LHC, iko CERN, maabara ya Ulaya ya utafiti wa chembe, kwenye handaki la duara lenye mzunguko wa kilomita 27 kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Ndani kuna sumaku kuu 1,232 za kupinda njia ya chembe, kila moja ina urefu wa mita 15. Nyaya zake ni za mchanganyiko wa niobiamu na titaniamu, ambazo zikipoa chini ya kelvini 9 hivi zinapitisha umeme bila ukinzani wowote. Tunazungumzia ampea zaidi ya 11,000 kwenye waya ambao ungekuwa wa shaba ya kawaida ungeyeyuka. Lakini kadiri nguvu ya sumaku inavyopanda ndivyo nyaya zinavyotaka baridi zaidi, kwa hiyo sumaku hizo zinakaa kwenye kelvini 1.9. Heliamu yote iliyomo ni kama tani 130.

Mitambo ya kupoza iko minane, kila mmoja una uwezo wa kuondoa kilowati 18 za joto kwenye kelvini 4.5. Kwa mtambo wa barafu kilowati 18 ni kidogo sana, lakini angalia gharama yake. Mtambo wako ukiwa na hali nzuri, kila uniti moja ya umeme inakutolea kama uniti tatu za joto. Huku mambo yamepinduka: kuondoa wati 1 ya joto kwenye kelvini 4.5 kunakula wati 230 hivi za umeme, na kwenye kelvini 1.8 inakaribia wati 1,000. Halafu heliamu yenyewe inachemka upesi mno. Wati 5 tu za joto lililopenya zinachemsha kama lita 7 za heliamu kimiminika kwa saa. Ukielewa hesabu hiyo utaelewa kwa nini mafundi wa huku wanapigania kila nukta ya joto.

Kompresa ni za skrubu, zinadungwa mafuta kama zile za amonia utakazozikuta kwenye viwanda vikubwa vya samaki. Zinavuta gesi ikiwa juu kidogo tu ya presha ya hewa na kuisukuma hadi karibu bari 20, yaani mara 20 hivi ya presha ya hewa. Mafuta yanahitajika sana kwa sababu heliamu inapobanwa inapata joto kuliko gesi nyingi. Lakini baada ya kompresa mafuta hayohayo yanageuka adui. Kwa hiyo gesi inapita kwenye tangi la kutenganisha, kisha filta kadhaa za kukusanya ukungu wa mafuta moja baada ya nyingine, na mwisho kwenye tangi refu la mkaa maalumu, ambao mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Mkaa huo unanasa mvuke wa mafuta ambao filta haziuoni. Huko mbele, ndani ya tangi kubwa la chuma lililovutwa vakyumu, yaani lililonyonywa hewa yote, ambalo tunaliita sanduku la baridi, kuna matangi mengine ya mkaa: moja kwenye kelvini 80 kunasa hewa, jingine kwenye kelvini 20 kunasa haidrojeni na neoni. Yale ya kelvini 80 kwa kawaida yanakuwa mawili, moja likifanya kazi lingine linachemshwa kwa gesi ya moto, linavutwa vakyumu, linajazwa upya.

Kushuka kutoka 4.5 hadi 1.8 utakuelewa mara moja, kwa kuwa unajua presha ya kuvuta ikishuka na joto la kuchemka linashuka. Wanaivuta heliamu hadi presha ya milibari 16, na hapo inachemka kwenye kelvini 1.8, baridi ya kutosha kuziweka sumaku kwenye 1.9. Chini ya kelvini 2.17 heliamu inabadilika tabia: inapoteza mnato na inapitisha joto vizuri kuliko shaba kwa mbali, hivyo joto lililopenya mahali pamoja linasambaa lenyewe kabla halijaleta madhara. Tatizo ni kwamba presha ya sehemu hiyo ni ndogo kuliko ya hewa ya nje. Kwingine kote tundu dogo maana yake heliamu inatoka, na hiyo ni hasara ya fedha tu. Huku tundu dogo maana yake hewa inaingia. Kwa sababu hiyo viungo vya upande huo vinazungushiwa koti lenye gesi ya heliamu, ili hata sili ikichoka kinachovutwa ndani kiwe heliamu.

Tuje kwenye siku ya fundi. Zamu inaanza kwenye skrini. Anatazama tofauti ya presha kati ya kuingia na kutoka kwa kila kibadilisha joto na kila tangi la mkaa. Namba hiyo ikipanda polepole siku hadi siku huku mtiririko ni uleule, kuna kitu kinaganda ndani. Anatazama vipima uchafu: unyevu, naitrojeni na mvuke wa mafuta, vyote vikihesabiwa kwa sehemu chache kwenye milioni. Kisha anatoka kwenda kuzunguka kwa miguu, na kwangu mimi hii ndiyo nusu bora ya kazi. Anashika mabomba ya mafuta, anasikiliza beringi za kompresa, anaangalia sili ya shafti inadondosha kiasi gani, anachukua sampuli ya mafuta kwenda maabara. Anapita kando ya sanduku la baridi na matangi akitazama ngozi ya nje. Mahali pakitokwa jasho, au pakiwa na duara la ukungu mweupe, vakyumu ya ndani imeharibika au bomba limegusa mahali lisipopaswa. Kompyuta itakuja kumwambia baadaye, lakini jicho limeshaona.

Maji ya kupozea nayo yana kazi yake. CERN inatumia maji ya Ziwa Geneva, wewe unatumia ya Tanganyika. Tope, magamba, vijidudu na chujio lililoziba ni shida zilezile, na kompresa ya mamilioni inaweza kuzimwa na chujio ambalo halikusafishwa.

Uvujaji ninauzungumzia kwa upana kidogo kwa sababu ndipo ufundi unapoonekana. Amonia ikivuja pua inakuambia, na ukitaka kujua inatoka wapi unawasha kijiti cha salfa na kufuata moshi mweupe. Heliamu haina harufu wala rangi, na inapita kwenye matundu ambayo gesi nyingine haziwezi. Povu la sabuni linafaa kwa matundu makubwa tu. Chombo cha kweli ni kipima heliamu, mashine inayounganishwa na vakyumu ya kifaa unachokikagua na kutambua chembe za heliamu peke yake. Unavuta vakyumu mpaka kipimo kitulie. Kisha unachukua mpira mwembamba wa heliamu, unaupunguza mpaka ukiutia kwenye kikombe cha maji utoe povu moja moja, na unaanza kupitisha ncha yake kwenye viungo. Unaanzia juu kushuka chini, maana heliamu ni nyepesi, na ukianzia chini itapanda na kukudanganya kwenye kiungo cha juu. Unapitisha, unasubiri, unatazama sindano. Fundi mwenye haraka anapuliza gesi nyingi, chumba kizima kinajaa heliamu, na hapo hakuna atakachokiona mpaka chumba kipitishwe hewa. Subira hiyo haifundishwi darasani.

Wakati wa matengenezo makubwa mashine inapashwa polepole hadi joto la kawaida. Kompresa zinafunguliwa kila baada ya saa 40,000 hivi za kazi, beringi na sili zinabadilishwa. Mafuta mapya hayamwagwi moja kwa moja kutoka kwenye pipa. Yanapashwa moto ndani ya vakyumu kwanza yatoe maji na hewa. Bomba lililofunguliwa linavutwa vakyumu na kujazwa heliamu, linavutwa tena na kujazwa tena, kisha gesi inazungushwa kupitia vikaushio mpaka kipimo cha unyevu kiridhishe. Hakuna anayewasha tabaini kabla ya hapo, hata meneja akipiga simu mara ngapi.

Kupoza upya nako hakuna haraka. Kila sumaku ya mita 15 inafupika kama sentimita 4.5 ikipoa, kwa hiyo upande mmoja ukitangulia sana mwingine vyuma vinavutana. LHC nzima kwa mara ya kwanza ilitumia kama tani 10,000 za naitrojeni kimiminika kuishusha hadi kelvini 80, na kazi hiyo ni ya wiki nyingi.

Sasa umeme. Nianze na ajali ya kweli, kwa sababu inaonyesha heliamu inafanya nini mambo yakiharibika. Tarehe 19 Septemba 2008, kiungo kimoja cha umeme kati ya sumaku mbili za LHC kilikuwa na ukinzani uliozidi. Kilipata joto, cheche ikatoboa chombo cha heliamu, na heliamu ikamwagika kwenye nafasi ya vakyumu. Lita moja ya heliamu kimiminika inakuwa kama lita 750 za gesi ikipata joto la chumba. Valvu za usalama zilikuwa ndogo kuliko wingi huo, presha ikazisukuma sumaku nzito mpaka zikahama kwenye miguu yake. Tani 6 hivi zilipotea, sumaku 53 zikatolewa, na mashine haikurudi kazini hadi Novemba 2009. Baada ya hapo waliongeza matundu ya usalama na vipimo vya kila kiungo.

Umeme kukatika ni jambo la kawaida zaidi na halifiki huko. Kompresa zinasimama papo hapo, tabaini zinajifunga, umeme wa sumaku unatolewa kwa utaratibu. Vidhibiti vinaendelea kwa betri. Heliamu kimiminika iliyomo kwenye sumaku haipotei mara moja, kwa kuwa imezungukwa na vakyumu na matabaka ya karatasi ya plastiki iliyopakwa aluminiamu. Inaanza kupata joto polepole, presha inapanda, na gesi inaongozwa kwenda kwenye matangi ya akiba. Kwenye maabara ndogo zaidi kuna kompresa ya kuokoa gesi inayowashwa na jenereta, na jenereta hiyo inajaribiwa mara kwa mara, si kusubiriwa siku ya shida. Kinachouma ni muda: umeme ukiyumba sekunde moja tu, kuanzisha kompresa, kisha tabaini, kisha zile kompresa za baridi za upande wa milibari 16, kunaweza kula saa nyingi. Tarehe 29 Aprili 2016 mnyama mdogo wa jamii ya kicheche aliingia kwenye transfoma ya kilovolti 66 pale CERN, umeme ukakatika, na mashine ikasimama siku kadhaa. Kwa hiyo usidhani shida hiyo ni ya Kigoma peke yake.

Gesi inaokolewa kwa juhudi hizo kwa sababu ikishatoka hewani imekwenda, haipatikani tena kwa bei inayolipika. Heliamu inatengenezwa chini ya ardhi na urani na thoriamu zinazooza taratibu kwa mamilioni ya miaka kwenye miamba ya kale. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Durham na Oxford walitangaza kwamba bonde la Rukwa, kusini ya mkoa wako, lina heliamu nyingi, iliyofunguliwa kutoka kwenye miamba na joto la volkano za Bonde la Ufa. Gesi hii ni ya nyumbani.

Jambo moja la usalama usilisahau hata siku moja. Amonia inakukimbiza, lakini heliamu inakulaza. Ikijaa chumbani inasukuma oksijeni, na mtu akivuta heliamu tupu mara chache anaanguka bila kuhisi kukosa pumzi. Kila anayeingia anavaa kipima oksijeni. Hewa ya kawaida ina asilimia 21, na kikilia unatoka, huulizi kwanza. Kwa kuwa gesi inakimbilia juu, unainama unapotoka. Na kusiwe na kipande cha bomba kati ya valvu mbili kisicho na valvu yake ya usalama, kwani kimiminika kilichofungiwa humo kitapasua chuma.

Kuhusu kuifikia kazi hii, mlango ulio karibu nawe ni mashine za MRI za hospitali, zile zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Sumaku ya MRI ni ya nyaya hizohizo za niobiamu na titaniamu, na nyingi zinakaa ndani ya heliamu kimiminika ya kelvini 4.2, lita elfu moja na zaidi, ingawa baadhi za kisasa zinatumia lita chache tu. Juu yake kuna kichwa cha baridi kinachogeuza mvuke kuwa kimiminika tena, kile unachokisikia kikilia cha-cha-cha mchana na usiku. Kichwa hicho kinategemea kompresa ya heliamu, kompresa inategemea maji baridi, na maji baridi yanatoka kwenye chila, yaani mashine ya kupoza maji, ya kawaida ambayo wewe unaweza kuitengeneza leo. Chila ikizima na hakuna aliyegundua, kompresa inajizima, heliamu inaanza kuchemka na kutoka kwa bomba la juu ya paa, na kuijaza upya ni fedha nyingi.

Kwa hiyo jifunze vakyumu vizuri, hasa kupima ilipofikia badala ya kuhesabu dakika za pampu. Kila mtambo unaoushughulikia ujaribu kwa naitrojeni yenye presha na uandike geji ilisomaje jioni na asubuhi. Ukipata nafasi ya kuhudumia chila ya hospitali yenye MRI, ichukue, na uliza wahandisi wa vifaa tiba wakuonyeshe geji za kompresa ya heliamu na kipimo cha ujazo. Andika kila wiki joto la maji yanayoingia na yanayotoka, mtiririko wake, presha ya heliamu ikiwa imesimama na ikiwa inafanya kazi, na tarehe chujio liliposafishwa. Ukiomba kazi au mafunzo popote penye heliamu, nenda na daftari hilo.